Lugha ya Karatasi na Lugha ya Kinywa

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi la Garissa



Kamati imetutaka tuseme juu ya jambo ambalo wengi wenu mmeliandikia barua, nalo ni namna ya kupeleka miswada ya filamu kwa watengenezaji na kwa mifuko ya fedha, hali lugha inayotakiwa katika karatasi si ile tuliyoipata kwa mama zetu. Wako walioandika kwa hasira, wako walioandika kwa kukata tamaa, na mmoja ameuliza kama yafaa aache kalamu kabisa arudi sokoni kuuza mbuzi. Huyo twamjibu mapema: auze mbuzi, na aandike pia. Soko letu la mifugo ni katika masoko makubwa ya Afrika Mashariki, na mtu aliyekaa pale asubuhi moja huondoka na mazungumzo ya kutosha filamu tatu.

Hali yetu yajulikana. Katika Garissa, Wajir na Mandera, Kisomali ndiyo lugha ya nyumbani kwa walio wengi. Kiswahili tumekipata shuleni, katika basi, kituoni kwa polisi na dukani. Kiingereza tumekipata ubaoni. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imesema Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Tena imeitaka Serikali ilinde na kukuza lugha nyingine za wananchi. Maneno hayo ni mazuri. Lakini ukipeleka mswada ofisini hutaulizwa lugha ya nyanya yako. Utaulizwa Kiingereza, na mara chache Kiswahili.

Tena liko jambo ambalo wageni hawalijui. Kisomali kilipata maandishi rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, na hayo yalifanyika ng'ambo ya mpaka. Wengi wetu tuliosoma upande huu tunakisema Kisomali barabara, lakini tukishika kalamu tunajikuta tumeandika kwa lugha nyingine. Basi tatizo letu lina pande mbili. Lugha tunayoiweza kwa kinywa hatujazoea kuiandika, na lugha tuliyozoea kuiandika si ile wanayosema watu wetu wakigombana, wakiposa au wakizika.

Wazee wetu hawakuhitaji karatasi hata kidogo. Mchezo wa Shabeelnaagood wa Hassan Sheikh Mumin ulichezwa Mogadishu kabla ya kupatikana maandishi hayo rasmi. Michezo ya namna hiyo ilikaa vichwani mwa wachezaji, wakafundishana kwa mdomo. Baadaye mtaalamu B. W. Andrzejewski aliutafsiri, ukachapishwa na Oxford University Press mwaka 1974. Twautaja kwa sababu wako vijana wanaodhani kwamba kisichoandikwa Kiingereza tangu mwanzo hakiwezi kusomwa na ulimwengu. Mchezo ule ulikuwa mzima kabla ya Kiingereza chake. Kiingereza kilikuja kama tarishi, akabeba mzigo ambao tayari ulikuwa umefungwa.

Hapo ndipo penye neno tulilokuja kulisema leo. Mswada wa filamu una lugha mbili ndani yake, hata kama mwandishi hajui. Iko lugha ya karatasi, yaani maelezo ya mahali, ya saa, ya watu wanavyotembea na kufanya. Hiyo ni ya msomaji wa ofisini, wala mtazamaji hataisikia kamwe. Na iko lugha ya kinywa, yaani maneno wanayosema wahusika; hiyo ndiyo itakayofika masikioni mwa watu. Lugha ya karatasi yaweza kuwa ya pili, ya tatu hata ya nne, na ikisafishwa na mtu mwingine hakuna kilichopotea. Lugha ya kinywa ukiitoa kwa bei rahisi umetoa mswada wenyewe.

Nanyi msiseme kwamba ulimwengu hautaki kusikia Kisomali wala Kiswahili. Tarehe 21 Desemba 2015 basi lilishambuliwa karibu na El Wak, Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku ile, akafariki Januari 2016. Habari hiyo ilitengenezwa kuwa filamu fupi mwaka 2017, nayo ni Watu Wote. Waliotengeneza ni wanafunzi wa Hamburg Media School ya Ujerumani. Mwelekezi ni Katja Benrath, na mswada ni wa Julia Drache. Wahusika wake wanasema Kiswahili na Kisomali, na mwaka 2018 ilikuwa miongoni mwa filamu tano zilizoteuliwa kushindania Oscar ya filamu fupi. Hatuna kinyongo na wanafunzi wale; walifanya kazi ya heshima. Lakini hapana budi tujiulize kwa nini habari ya barabara yetu, kwa maneno ya vinywa vyetu, ilipitia Hamburg kwanza.

Hali kadhalika filamu ya Khadar Ayderus Ahmed, Msomali aliyekulia Finland, ilisema Kisomali ikatwaa tuzo kuu ya FESPACO kule Ouagadougou mwaka 2021. Mo Harawe, mzaliwa wa Mogadishu akaaye Austria, alipeleka filamu yake ya Kisomali Cannes mwaka 2024. Kwa upande mwingine, mwaka 2019 Nigeria ilipeleka filamu yake ya kwanza kabisa kushindania Oscar ya filamu za kimataifa, nayo ni Lionheart ya Genevieve Nnaji. Ikaondolewa, kwa kuwa kanuni yataka sehemu kubwa ya mazungumzo isiwe Kiingereza, na humo Kiingereza ndicho kilichotawala. Fikirini jambo hilo. Sisi tunakesha tukisaga meno juu ya sarufi ya Kiingereza, na kumbe uko mlango ambao Kiingereza cha kinywani ndicho kinachoufunga.

Kwa kuwa hiki ni chama cha wafanya kazi, turuhusiwe kumtaja mfanya kazi mmoja. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli bandarini Marseille, na mwanachama wa chama cha wafanya kazi cha CGT. Lugha yake ilikuwa Kiwolofu. Kifaransa alikipata kwa shida, akaandika nacho kitabu chake cha kwanza mwaka 1956. Alipoingia katika filamu, mswada wake wa La Noire de… ulikataliwa na ofisi ya sinema ya Wizara ya Ushirikiano ya Ufaransa. Akatafuta njia nyingine, filamu ikatoka, na mwaka 1966 ikapata tuzo ya Jean Vigo papo hapo Ufaransa. Kisha alipotengeneza Mandabi mwaka 1968 kwa fedha zilizotoka Ufaransa, alipiga filamu ile mara mbili, moja kwa Kifaransa na moja kwa Kiwolofu. Ya Kiwolofu ndiyo aliyoifanyia kazi, kwa sababu wachuuzi na akina mama wa Dakar walikuwa hawasemi Kifaransa jikoni. Kuli yule alijua kuwapa wenye fedha karatasi yao na kuwapa watu wake vinywa vyao.

Sasa tushuke kwenye kazi yenyewe. Chukueni ngamia. Kiswahili kina neno moja, ngamia, na Kiingereza vilevile. Kisomali kina hal, jike mzima wa maziwa. Kina awr, dume la kubebea mizigo. Kina qaalin, jike mchanga ambaye hajazaa. Kina nirig, ndama anyonyaye. Mwandishi akiandika kwamba baba ameuza awr, mtazamaji wa Wajir ataona familia iliyokwisha kuhama kwake, maana kitakachobeba nyumba hakipo. Akiandika kwamba ameuza hal, ataona watoto watakaokosa maziwa. Mtu wa ofisini akisoma "ameuza ngamia" huona mnyama mmoja na fedha mkononi. Kiini cha filamu kimepotea katika neno moja, na hakuna kosa lolote la sarufi.

Au chukueni nyumba. Mwanamke wa bara letu hujenga aqal, ya miti iliyopindwa na mikeka, huifungua na kuipakia. Tumeona miswada ambamo imeandikwa "manyatta", kwa kuwa mwandishi alidhani msomaji wa Nairobi ataelewa. Ataelewa, ndiyo, lakini ataelewa Wamasai.

Jambo lililo gumu kuliko hayo ni jina la kuitana. Kwetu mama humwita mwanawe hooyo, yaani "mama", na amu humwita mtoto wa nduguye adeer, kama vile mtoto amwitavyo yeye. Basi katika mswada mama anasema, "Hooyo, kaalay," akimwita mtoto wa kiume wa miaka saba. Mfasiri asiyejua akaandika kwa Kiingereza kwamba mwanamke anamwita mama yake, na msomaji akaweka alama nyekundu: mwandishi amechanganya wahusika! Hapa Kiswahili ni rafiki yetu. Mama wa pwani humwita mwanawe "baba" na binti yake "mama", na hakuna anayeshangaa. Adeer ni amu, abti ni mjomba, eeddo ni shangazi. Kwa Kiingereza adeer na abti wote wawili wamekuwa mtu mmoja, na hiyo ni hasara kubwa kwa mchezo wowote wa urithi au wa kuposa. Nikaha, mahari, sadaka, dua, yote hayo msomaji wa Kiswahili ameshayajua.

Kwa hiyo rai yetu ni kwamba Kiswahili kitangulie. Anayeandika kwa lugha ya pili na atoke Kisomali aende Kiswahili, ndipo aende Kiingereza ikihitajika. Wako watakaosema kwamba hiyo ni safari ya kuzunguka. Twasema ni safari ya daraja: mtu wa Garissa aendaye Nairobi hupita darajani Mto Tana, wala hasemi amezunguka.

Lakini Kiswahili nacho kina miba yake kwetu. Kisomali hakina p, wala v, wala z. Ndiyo sababu mwanafunzi wetu huandika "nimebata kasi" akikusudia kwamba amepata kazi, na msomaji akafikiri habari ya bata aendaye mbio. Tena Kisomali huweka kitendo mwisho wa sentensi, na majina yake ni ya kiume na ya kike, hayana ngeli. Basi "kitabu yangu" hututoka hata tukiwa macho. Makosa hayo yakiwa katika maelezo, mpeni mwalimu ayanyooshe, wala msione haya. Wazungu nao wana watu wa kunyoosha maandiko yao na huwalipa mshahara.

Ila mkataze asiguse vinywa. Mzee wa Bulla Iftin anayemjibu askari kwa Kiswahili chake cha Garissa, na askari naye akimjibu kwa Kiswahili cha kwao, hao wawili wakinyooshwa hugeuka watangazaji wa redio wanaosoma taarifa ya saa moja. Tumesoma mswada mmoja ulionyooshwa hivyo. Muuza chai alisema "la hasha" mara tatu. Andikeni juu kabisa ya ukurasa wa kwanza kwamba lugha ya wahusika imekusudiwa iwe hivyo ilivyo, isisahihishwe.

Yafaa kutengeneza nakala mbili. Ya kwanza ni nakala ya ofisi, kwa lugha wanayoitaka, maneno ya wahusika yakiwa yametafsiriwa na kutiwa alama kwamba yatasemwa kwa Kisomali. Ya pili ni nakala ya kinywa, yenye Kisomali upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Msizichanganye. Katika kazi hii ukurasa mmoja uliopigwa kwa herufi za Courier za saizi ya 12 huhesabiwa kuwa kama dakika moja ya filamu, na mwenye kusoma hupima urefu na gharama kwa kurasa. Ukimpa kurasa za safu mbili atadhani filamu ya dakika 90 ni ya saa tatu, ataiweka chini kabla ya kufika ukurasa wa kumi. Katika nakala ya ofisi majina nayo yaandikwe kwa namna ya Kenya: Abdi na Halima. Ukiandika Cabdi na Xaliimo, kama ilivyo sahihi kwa Kisomali, msomaji wa Nairobi atasema "Kabdi", na la pili hatalitamka kabisa.

Nakala ya kinywa si ya fahari tu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962, iliagiza kwamba aombaye leseni ya kupiga filamu alete maelezo kamili ya matukio yote na maandishi yote ya sehemu zinazosemwa. Yote. Basi mtengenezaji akikuambia, "Hayo ya Kisomali tutayapanga siku ile ile na wachezaji," anajitafutia taabu, na wewe anakunyang'anya kazi. Maneno ya kinywa lazima yaandikwe na mtu. Swali ni nani ayaandike, na kwa ujira gani.

Na hapa, ndugu zetu, ndipo chama kinapoingia. Mwenzetu mmoja alipeleka mswada kwa kampuni moja, ukarudishwa na barua ya mistari miwili kwamba kisa ni kizuri ila lugha ni dhaifu. Baada ya miezi kadhaa kampuni ile ile ilimwita aje kuwa "mshauri wa lugha" katika filamu nyingine ya huku kwetu. Akafanya kazi siku tano, akageuza maneno ya wahusika wote kuwa Kisomali, akawafundisha wachezaji wasiojua kutamka. Alilipwa kama mlinzi wa magari, na jina lake halikutokea katika filamu. Tazameni ajabu hiyo! Lugha yake ilikuwa dhaifu alipokuwa mwandishi, ikawa hodari alipokuwa kibarua. Hatusemi kampuni ile iliiba kitu. Twasema haikuwa na sababu ya kulipa zaidi, kwa kuwa hakukuwa na karatasi iliyoidai.

Basi shikeni haya. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, mswada ni mali yako tangu unapouandika. Wazo lililo kichwani, au lililosimuliwa kwenye chai, halina ulinzi huo. Haki hiyo hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kutafsiri na kugeuza ni katika haki zako; hafanyi mtu bila ruhusa yako. Wala haki hiyo haihamishwi kwa maneno ya simu, bali kwa maandishi yaliyotiwa sahihi. Waweza kuuandikisha mswada katika Bodi ya Hakimiliki, na ingawa sheria haikulazimishi, siku ya ugomvi hati ile ina faida. Andikisheni nakala zote mbili, na ya Kisomali hasa, kwa kuwa ndiyo isiyoweza kudaiwa kuwa ni ya mtu wa mbali.

Tena katika mkataba maneno ya wahusika kwa lugha ya pili yahesabiwe kuwa kazi ya pili, yenye ujira wake na jina lake katika filamu. Mtu aliyeandika mswada kwa Kiingereza na mazungumzo kwa Kisomali amefanya kazi mbili. Fundi aliyejenga nyumba na kuchimba kisima halipwi nyumba tu. Mtengenezaji atasema fedha hazitoshi, na pengine ni kweli. Basi na apunguze mahali pengine kwanza, kisha tukae tuzungumze.

Neno dogo juu ya mashine za kutafsiri. Wako wanaozitumia, na kwa barua ya kawaida si vibaya. Lakini mtu asitie saini mkataba unaosema kwamba mazungumzo yatatafsiriwa na mashine, naye "atayapitia" kwa nusu ya malipo. Waandishi wa Marekani waligoma siku 148 mwaka 2023, kuanzia Mei 2 mpaka Septemba 27, na katika waliyoyapata ni kwamba mashine isihesabiwe kuwa mwandishi. Wao wana chama chenye nguvu na tajiri wanaowajua kwa majina. Sisi ni wachache, tumetawanyika kutoka hapa mpaka Mandera, na tajiri wetu wengi hatujapata kuwaona uso kwa uso. Kwa hiyo bei ya chini ya mmoja wetu huwa bei ya wote wiki inayofuata.

Wameuliza wengine tuandike juu ya nini ili tukubaliwe. Hilo si la chama kuamua, ila tutasema tunaloliona. Wasomaji wa mbali wakiona neno Garissa wanangoja bunduki. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo chetu, na hakuna hapa asiyemjua aliyepoteza mtu. Anayetaka kuandika habari ile na aandike, kwa lugha ambayo waliofiwa wataisikiliza bila kusoma maandishi ya chini. Judy Kibinge alipotengeneza Scarred mwaka 2015, juu ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, aliwaacha watu wa Wajir waseme wenyewe. Lakini asiyetaka kuandika juu ya damu asilazimishwe. Mwanamke anayebishana bei ya maziwa ya ngamia na mjomba wake ni filamu pia, na katika Kiingereza haiwezekani hata kujua ni mjomba wa upande gani.

Kamati imekubali kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya alasiri, watakaa ofisini wanachama wawili wajuao kuandika Kisomali na mmoja wa Kiswahili, kupitia miswada ya wenzao bila malipo. Walio Wajir na Mandera wapeleke kwa barua pepe kupitia kwa makatibu wa matawi yao. Mleta mswada alete nakala zote mbili, na kama ameshapewa mkataba aulete kabla ya kuutia sahihi. Nakala ya kinywa itasomwa kwa sauti mbele yake mwenyewe, na akisikia neno ambalo mama yake asingelisema, atalikata hapo hapo.